Mwenye Pombe Huonja Kwanza

Mwezi uliopita tulimzika Domitila kule Nyamigogo. Watu walipoanza kuondoka kaburini, mimi nilizunguka nyuma ya nyumba yake nikasimama mbele ya tenki la maji. Sikuwa nalia. Nilikuwa nakagua. Kulia nililia baadaye, tena vya kutosha, lakini mkono wa fundi hauna adabu hata msibani. Niliinama na suti yangu ya kuzikia nikapapasa pale ukuta wa tenki unapokutana na sakafu, nikatafuta unyevu, sikupata. Tenki lile lina miaka zaidi ya ishirini na mitano. Saruji imekuwa nyeusi, mimea midogo imeota chini ya bomba, lakini nilipoligonga kwa vidole liliitika kwa sauti nzito ya kitu kilichojaa. Wanafunzi wangu, watu wazima wenye kazi na watoto, hupenda kuniuliza nilisomea wapi kufundisha watu wa rika lao. Huwa nawatajia chuo fulani ili maswali yaishe. Ukweli ni kwamba nilisomea Nyakahura, katika ghala la pamba, na mmoja wa walimu wangu hakuwa anajua kuandika jina lake.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wakimbizi waanze kuvuka mpaka kuingia Ngara. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, cheti kipya cha ujenzi, sanduku la bati lenye madaftari sita, na kiburi ambacho hakikuhitaji sanduku. Watu waliokuja walikuwa wengi kuliko maji. Chemchemi zilizotosha kijiji zikawa matope, miti ya kuni ikaisha mpaka vilima vikabaki uchi, na malori ya misaada yalipita barabara ya Nyakahura tangu alfajiri yakituachia vumbi kwenye chakula. Mradi mmoja ukaamua kujenga matenki ya maji ya mvua kwenye zahanati na shule, Ngara na Biharamulo, na kwanza ukataka mafundi wapatikane palepale. Mratibu wa mradi, bwana mpole mwenye ofisi Ngara mjini juu kilimani, alinikabidhi watu kumi na wawili. Atakayehitimu angepewa begi la zana na kazi ya matenki yote yatakayofuata. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Sikuwa nimewahi kumfundisha mtu mzima hata kufunga kamba ya kiatu.

Ghala lilikuwa refu na lenye giza, nyuzi za pamba bado zimenasa kwenye mbao za paa, na upepo ukivuma zilidondoka juu ya madaftari yetu. Asubuhi ya kwanza nilipoingia walisimama wote kumi na wawili, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu." Benchi la mbele alisimama Domitila. Alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini, mwenye asili ya Burundi, aliyekuja na wimbi la zamani kabla hata sijaanza shule, akalima Nyamigogo na kusuka vikapu mpaka mikono yake ikajulikana hadi mnadani. Nyuma yake alisimama Mzee Kalisti, mkimbizi wa mwaka uliotangulia, mwembamba, mkimya, mwenye kibali cha kutoka kambini ambacho kingedumu kwa muda wa mafunzo tu. Watu wa umri wa wazazi wangu waliniamkia, nami, Mungu anisamehe, nikajibu marahaba, kaeni. Niliitikia hivyo kila asubuhi kwa miezi minne. Leo nikikumbuka, masikio yanawaka moto.

Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Niliandika ubaoni, wakanakili. Nilisoma daftari, wakaitikia "ego", yaani ndiyo kwa Kirundi, na wenyeji Wahangaza nao wakaitikia vivyo hivyo maana lugha zao ni ndugu. Juu kabisa ya ubao niliandika kwa herufi kubwa: ASIYEULIZA HANALO AJIFUNZALO. Hawakuuliza. Nikahesabu ukimya wao kuwa ni uelewa. Mwishoni mwa mwezi wa pili nikawapa mtihani wa maandishi, nao wakaniletea karatasi kumi na mbili zenye majibu yaleyale, hata kosa lilikuwa lilelile: ndoo tatu za saruji kwa ndoo moja ya mchanga, kinyume kabisa. Nilizichana mbele yao. Niliwaita wezi wa majibu, nikawauliza kama watoto wao nyumbani wanajua tabia hiyo. Walinisikiliza hadi mwisho, wakakusanya vipande vya karatasi sakafuni, na kesho yake wakaja kwa wakati na kuniamkia shikamoo kama kawaida. Adabu yao ilinifanya nijione nimeshinda.

Tenki la kwanza tulijenga nyuma ya zahanati, katikati ya kiangazi. Mimi nilikaa kivulini na daftari, wao wakafanya. Nikisema sakafu, wakamwaga sakafu. Nikisema iacheni wiki nzima ikauke, wakaiacha. Nikisema ukuta, wakausimamisha juu ya sakafu iliyokauka, nondo, wavu wa kuku, lipu ndani na nje. Hakuna agizo langu lililopotea. Mradi ukaleta lori la maji kujaribia, na habari ikatembea upesi kuliko lori lenyewe: wanawake walikuja na ndoo na madumu kutoka vitongoji vyote, wakapanga foleni tangu saa mbili, kwa sababu tuliwaahidi kwamba tenki likisimama siku ile nzima maji ni yao. Saa saba unyevu ulionekana chini ya ukuta. Saa nane palikuwa na ufa ninaoweza kuingiza kucha. Kisha upande mzima wa chini ukaachia, maji yakatoka kwa kishindo, yakashuka kwenye makorongo ya barabara, na wanawake wakakimbia nayo wakichota kwa vikombe, kwa viganja, pamoja na matope. Hakuna aliyenitukana. Mwanamke mmoja aliniambia pole, mwalimu, akaendelea kuchota. Nilitamani anitukane.

Mratibu alikuwepo. Alinivuta pembeni akazungumza kwa upole wake uleule, jambo lililozidisha uchungu. Saruji iliyobaki ilitosha tenki moja. Nilijenge kabla ya mvua za vuli. Litajazwa, litaachwa siku tatu, na likivuja darasa litafungwa, zana na pesa zihamie wilaya nyingine. Niliwaza kwanza aibu yangu, sitadanganya. Baada ya hapo ndipo nikamwaza Kalisti na kibali chake, na Domitila aliyekuwa analea wajukuu watatu na ambaye matete ya kusukia vikapu yalikuwa yameishia kwenye kuta za vibanda vya kambini. Darasa likifungwa, mmoja angerudi kwenye turubai na mwingine kwenye shamba lililochoka.

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani karibu na gulio, ukuta wa udongo, kitanda cha kamba na dirisha dogo kama sahani. Banda la mama lishe liliegemea ukuta wangu, na hapo ndipo wanafunzi walikula mchana. Kesho yake sikwenda darasani. Nililala chali nikisikia sufuria za maharage na ndizi zikipakuliwa upande wa pili, moshi ukipenya kwenye nyufa. Walianza kuongea, na kwa kuwa hawakujua kwamba nipo, waliongea kama watu huru. Ndipo nikajua habari za ule mtihani. Domitila hakujua kusoma wala kuandika. Wenzake walikuwa wamekubaliana kwamba mama wa watu hawezi kuachwa akitoa karatasi tupu mbele ya kijana, kwa hiyo mmoja aliandika yake na ya Domitila, wengine wote wakanakili, ili kama ni kuanguka waanguke kumi na wawili. Niliziona tena zile karatasi nilizochana. Kisha Kalisti, ambaye darasani sikuwahi kusikia kwake sentensi yenye maneno zaidi ya matatu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ufa aliuona siku ya tatu ya lipu. Jua lilikuwa limekausha ukuta upesi mno. Kwao alijenga makanisa mawili, na kiangazi walifunika lipu kwa majani ya migomba na kuimwagilia asubuhi na jioni.

Domitila akamuuliza mbona hakusema.

"Kwani aliniuliza?" akajibu Kalisti. "Mwalimu ni mwalimu. Ukimsahihisha mbele za watu umemvua nguo."

Vijiko viligonga sahani. Nilitegemea watanicheka, na heri wangenicheka kuliko nilichosikia.

"Mimi simlaumu kwa tenki kuanguka," alisema Domitila. "Ninamlaumu kwa kitu kingine. Mwenye pombe huonja kwanza, ndipo wageni wanywe. Huyu mtoto anatumiminia tangu tumefika hapa, na hatujamwona hata siku moja akionja."

Asiyekulia kwetu huenda asione uzito wa maneno hayo. Pombe ya ndizi inapoletwa, mtungi ukawekwa katikati na mirija ikachomekwa, mwenye nyumba huinama akanywa wa kwanza, wageni wakimtazama. Hivyo anasema kwamba hapa hamna sumu, na kama imechacha basi imeanza kuchachia kinywani mwangu. Mgeni aliyemiminiwa na mtu asiyeonja hunywa kwa adabu, kidogo kidogo, akingoja ruhusa ya kuondoka. Hivyo ndivyo walivyokuwa wanakunywa masomo yangu. Nilikasirika, kwanza. Nilikaa kitandani nikitunga jibu la kuwaambia, jibu refu lenye neno cheti ndani yake mara nyingi. Lakini kadiri nilivyolitunga ndivyo nilivyokumbuka kwamba chuoni lipu nilipiga siku mbili tu, na zote mbili mkufunzi alirudia kazi yangu. Nilikuwa nawamiminia pombe ambayo mimi mwenyewe niliiogopa.

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla yao. Walipoingia na kutaka kusimama kwa ajili yangu, nikawahi kusimama mimi. Nikamwamkia Domitila shikamoo, nikamwamkia Kalisti shikamoo, kwa mpangilio wa umri, hadi nikawafikia wa rika langu. Domitila akasema marahaba polepole, akikagua neno lenyewe. Nikafuta ubao. Nikachanganya saruji na mchanga kwenye karai, nikachukua mwiko, nikaanza kupiga lipu kwenye ukuta wa ghala mbele ya macho yao. Robo ilidondoka chini. Nikaiokota nikarudia, ikadondoka tena, na jasho likanitiririka mgongoni. Sikusimama. Kisha nikageuka nikasema kwamba hili ndilo ninaloshindwa, na kwamba tenki lilianguka kwa sababu niliwaagiza kitu nisichokijua kwa mikono yangu. Nikamwomba Mzee Kalisti anionyeshe.

Hakutoka alipokaa. Alitazama miguu yake. Nikadhani nimeharibu zaidi, kwamba nimemvua nguo yeye badala yangu. Ndipo akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mwiko wake mwenyewe, ncha imelika, mpini umekuwa mweusi kwa kushikwa. Tulikuja kujua kwamba alivuka nao mpaka akiwa ameufunga kiunoni chini ya shati. Watu walivuka na magodoro, na sufuria, na watoto, yeye alivuka na mwiko, akajiandikisha kambini kuwa mkulima kwa sababu hakuna aliyemuuliza zaidi. Alikuja akasimama karibu nami, akachota lipu kidogo, akaitupa ukutani kwa kifundo cha mkono, ikashika. Akatupa tena. Aliisambaza akienda juu bila kunyanyua mwiko, na ukuta ule mchafu ukawa laini kama ubao wa meza. Mimi nilisimama na mwiko wangu nikiwa nimesahau mdomo wazi. Nimeona madaraja makubwa tangu siku hiyo na sijawahi kustaajabu vile.

Baada ya hapo maswali yalifunguka. Watu waliokuwa wakiitikia "ego" walianza kuniambia hapana. Niliacha kusoma daftari, nikaligeuza kazi: nikisoma mstari mmoja, tunaufanya papo hapo kwa mikono, na mimi naanza. Ndipo tulipofika kwenye nondo za kitako cha tenki la pili. Mstari wenyewe ulisema nondo za sakafu zipindwe ziendelee ukutani. Nilikuwa nimeusoma kwao mara tatu kabla ya tenki la kwanza, nao walikuwa wameuandika. Hakuna aliyeuelewa, nami nikiwa wa kwanza wao, ndiyo maana tulisimamisha ukuta juu ya sakafu iliyokwisha kauka. Nilikuwa nimechuchumaa nikihangaika kuzilaza nondo, Domitila akacheka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze.

"Mwarimu, hiki si kikapu?" akaniuliza. Mpaka mwisho wa maisha yake aliniita hivyo, na mimi nililipenda kuliko mwalimu.

Nikamuuliza ana maana gani. Akaniambia nisogee. Alipiga magoti kwa shida, akipunga mkono kukataa msaada, akapanga nondo zikikatiza katikati kama anavyoanza kitako cha kikapu. Akasema kwamba kikapu hakina kitako cha kubandika. Matete yaleyale yanayolala chini ndiyo yanayoinuka kuwa ubavu, na anayeweka kitako peke yake na ubavu peke yake amesuka vitu viwili, mzigo utatokea katikati yake. Vijana wawili wakazipinda nondo alipoelekeza. Kisha akachukua waya wa kufungia, na vidole vile vilivyovimba kwenye maungio vikaanza kusuka, vikipita juu, chini, vikikaza, bila yeye kuvitazama, huku akimwambia mwenzake habari za mbuzi aliyepotea. Ilimchukua siku nne. Alipomaliza, nilishika kikapu kile cha chuma kwa mikono miwili nikakitikisa kwa nguvu zangu zote, hakikutikisika. Mhandisi aliyeandika lile daftari alijua jambo hilo, na mwanamke asiyejua kusoma alilijua pia, na mimi niliyesimama kati yao na cheti nilikuwa sijui. Nilijisikia mdogo sana siku ile, na ajabu ni kwamba nilifurahi.

Lipu aliisimamia Kalisti. Tulifunika tenki kwa majani ya migomba, na kila asubuhi na jioni tulilimwagilia maji tuliyobeba kichwani kutoka bondeni, mwendo wa saa nzima. Lori lilipokuja kulijaza, wanawake hawakupanga foleni. Walikaa mbali na ndoo zao zimepinduliwa, maana tulikwisha kuwadanganya mara moja. Siku ya kwanza kukavu. Siku ya pili kukavu. Asubuhi ya tatu mratibu alifika, akazunguka tenki polepole akiburuta kiganja chini ya ukuta, akamaliza mzunguko mzima, akasimama na kutuonyesha kiganja. Kilikuwa na vumbi tu. Mtu fulani nyuma yangu alianza kunong'ona Salamu Maria.

Hakuna mwanamke aliyesogea. Ndipo Domitila akaenda bombani na kikombe cha bati. Akakijaza, akageuka kuwaelekea wale wanawake, akanywa mbele yao, polepole, mpaka tukaona koo lake likishuka na kupanda. Kisha akanipa mimi kilichobaki.

"Pombe ni yangu," akasema, "ndiyo maana nimeonja."

Wakainuka na ndoo zao. Darasa halikufungwa. Kalisti alijenga matenki miaka mingi, hadi siku aliporudi kwao, mwiko kiunoni kama alivyokuja. Domitila alijenga la nyumbani kwake kwa saruji aliyoinunua mfuko mmoja mmoja, na hakutaka nimsaidie. Nami nimefundisha watu wazima tangu hapo, mafundi, wauguzi, hata madereva wa bodaboda, na njia yangu ni hiyo moja: siku ya kwanza nafanya mbele yao kile ninachoshindwa, kisha nangoja nione nani ataingiza mkono ndani ya koti.

Basi siku ya msiba nilikuwa bado nimeinama pale kwenye tenki aliponikuta mmoja wa wale wajukuu wake watatu, Generoza. Mwaka ule alikuwa mtoto wa mgongoni, siku hizi ni fundi, na wanafunzi anao. Aliniamkia, nikaitikia. Akafungua bomba akajaza kikombe, nikanyoosha mkono, naye akakirudisha kifuani kwake. Akanywa kwanza, funda moja, akinitazama.

"Bibi aliacha neno," akasema. "Mwarimu akija, asipewe maji ya hapa kabla sisi hatujayaonja."

Akanipa kikombe kwa mikono miwili. Nilikipokea kwa mikono miwili nikanywa yote, na hapo ndipo nilipolia.